Filta Mbili Nilizozifuta

Jumatatu, 17 Machi 2025

Mvua, siku ya tisa mfululizo. Daftari hili nililinunua kwa ajili ya mahudhurio ya vikao, lakini vikao vyetu vina watu wanne na wote nawajua kwa sura. Kwa hiyo nitaandika humu yale ambayo siwezi kuyaandika kwenye muhtasari.

Barabara yetu imekatika tena pale Kona ya Jiwe. Udongo umeshuka kutoka mlimani na kulala juu ya njia, upana wa nyumba mbili. Hakuna lori litakalopanda huku kuchukua kahawa mpaka greda lipite. Na greda la chama limesimama nyuma ya ofisi chini ya turubai. Kuwaka ni kwa kubembelezwa, na likiwaka linatoa moshi mweupe na kugonga kama kuna mtu anapigilia misumari ndani. Tulilinunua kwa mkandarasi aliyemaliza kazi yake huku milimani na kuona aibu kuondoka nalo.

Dereva wake, Pankras, anasema ni nozeli, vile vyuma sita vinavyopuliza dizeli ndani ya injini. Zimekufa. Nozeli hizo hizo tulizinunua Oktoba. Mimi, Vitalia, mhasibu wa ushirika wa kaya mia moja na arobaini za wakulima wa kahawa, ndiye niliyesimama mbele ya mkutano nikaahidi kwamba zitadumu miaka mitatu. Zimedumu miezi mitano. Mwenyekiti anataka bajeti nyingine mezani Ijumaa.

Nilichomweleza na ambacho hataki kusikia ni hiki: mvua zikikatika mwanzoni mwa Mei, tuna wiki nne, tukijitahidi tano, udongo ukiwa bado na unyevu. Baada ya hapo greda linakwaruza tu, linatimua vumbi na kuacha mawe. Na Juni kahawa inaanza kuiva.

Jumanne, 18 Machi

Mvua.

Alhamisi, 20 Machi

Pankras alikuja ofisini na matope mpaka magotini, akasimama mlangoni ili asinichafulie sakafu. Ana adabu hiyo, namkubalia. Mwanawe wa kwanza anaitwa Glorious, kwa hiyo mimi humwita Baba Glorious, naye huniita mama mhasibu ingawa amenizidi miaka kumi na mitano.

"Mama mhasibu, kwenye hiyo bajeti weka na filta mbili za dizeli. Na bakuli la kunasa maji, lile la zamani limepasuka."

"Baba Glorious, bei ya nozeli peke yake itamlaza Mwenyekiti kitandani."

"Bila filta, hizo nozeli mtazinunua kila mwaka."

"Oktoba ulisema miaka mitatu."

"Oktoba mafuta yalitoka kituoni," akasema, akaondoka zake.

Nimekereka mpaka jioni. Nilijua anakolenga. Analenga ngokela yangu.

Huku kwetu Umatengo, mtu akiwa na shamba la kulimwa ngolo, yale mashimo yetu ya mlimani, na mikono yake haitoshi, huita ngokela. Majirani huja na majembe, mwenye shamba hupika pombe ya kangara, na siku nyingine inakuwa zamu ya mwingine. Januari chama kilipokosa fedha za dizeli, mimi ndiye niliyesema: basi tufanye ngokela ya dizeli, kila kaya ilete lita tano. Wote walikubali. Ile siku akina mama walikuja kwa mstari, madumu kichwani, wakiimba. Mimi nilikaa na orodha nikiweka vema kwenye majina, na madumu yakamiminwa moja kwa moja kwenye tangi, yaliyozidi kwenye mapipa. Pankras alitaka yote yatulie kwenye mapipa siku mbili kwanza. Nikamwambia watu wametembea kilomita saba wasikie greda linanguruma, siyo waangalie mapipa. Sijawahi kupigiwa makofi kama siku ile, na sasa mtu mmoja tu ndiye asiyeisifu.

Ijumaa, 21 Machi

Kikao cha bajeti, saa nne kamili, maana yake saa sita. Mwenyekiti, mzee Urbani, alisoma karatasi yangu kwa kidole, mstari kwa mstari.

"Nozeli sita, sawa. Kupima na kufunga, sawa. Filta mbili na bakuli, laki moja na nusu. Hii ni nini, mwanangu?"

"Ni za kuchuja dizeli, baba. Dereva ameziomba."

"Zilizopo zimetoboka?"

"Hapana."

"Sasa kitu ambacho hakijatoboka tunanunulia nini kingine?"

Ningeweza kubishana, angalau kwa lile bakuli lililopasuka. Njaa ilikuwa inaniuma, mvua ilikuwa inapiga bati kiasi kwamba ungelazimika kupiga kelele ili usikike, na moyoni bado nilikuwa na kinyongo cha jana. Nikachukua kalamu nikaufuta mstari ule kwa rula, vizuri kabisa. Bajeti ikapita.

Jumatano, 26 Machi

Nimepiga simu maduka matatu ya vipuri Songea. La kwanza, laki tatu na ishirini kwa nozeli moja. La pili, laki mbili, lakini mwenye duka mwenyewe alicheka aliponiambia. La tatu waliniuliza namba ya injini. Nikatoka na mwavuli, nikatafuta namba, nikawasomea. Kijana akasema, "Mama, hiyo ni namba ya kiti."

Salio likaisha.

Jumatano, 2 Aprili

Pankras alinishauri tusinunue mpya kabla za zamani hazijapimwa. Huenda baadhi zinaokoka. Akazifungua, akazifunga kila moja kwa kitambaa chake chenye namba, moja mpaka sita, ili zisichanganyike. Aliomba azipeleke mwenyewe. Kamati ikasema posho ya dereva haimo kwenye bajeti, ya mhasibu imo. Kwa hiyo nimebeba mimi, kwenye kikapu, na dizeli imevuja kwenye sketi yangu ya kwenda Mbinga mjini.

Fundi ni mwanamke, Asteria, Mnyasa wa Liuli, mwenye kibanda pale malori ya makaa ya Ngaka yanapoegesha. Ana mashine ya mkono ya kupimia: anafunga nozeli, anabonyeza mpini, anatazama inavyopuliza. Ya kwanza haikupuliza. Ilidondosha tu, tone, tone, kama pua ya mtoto. Akaniambia niziache, ana foleni.

Ijumaa, 11 Aprili

Asteria amepiga simu. Mtandao ulikuwa unakatika, lakini haya niliyasikia.

"Nne zimekufa kabisa. Mbili nitazifufua. Ndani zina kutu, dada. Mnaweka maji kwenye mafuta?"

Ikakata.

Kisha nikafungua leja ya greda. Februari limekunywa karibu mara mbili ya ilivyopaswa kwa saa lilizofanya kazi. Nilikuwa nimeona hilo mwezi uliopita nikalipita. Leo nikaliweka pamoja na maneno ya fundi, na likajipanga lenyewe: dizeli imepungua, na iliyobaki ina maji. Mtu ameiuza na kujazia maji. Na ufunguo wa tangi anao mmoja tu.

Nimeandika barua kwa Mwenyekiti leo leo, kurasa mbili, pamoja na hesabu. Nimependekeza Pankras asimamishwe na gharama ya nozeli ikatwe kwenye mshahara wake. Naikumbuka adabu yake ya kusimama mlangoni na inanitia hasira zaidi.

Mwenyekiti aliisoma akashusha pumzi ya mtu aliyetuliwa mzigo. "Afadhali mwizi, mwanangu," akasema. "Mwizi analipa."

Jumapili ya Matawi, 13 Aprili

Sikujua kama Mwenyekiti angefanya hivi. Baada ya ibada hapa kigangoni, Katekista Stephano alisoma matangazo: ratiba ya Juma Kuu, mchango wa mabati, kisha karatasi ya ushirika. "Dereva wa greda, Pankras, amesimamishwa kwa tuhuma za kuuza dizeli ya wanachama na kuweka maji." Aliisoma kwa sauti ile ile ya mchango wa mabati.

Pankras alikuwa benchi la tano upande wa wanaume, na tawi lake mkononi. Watu waligeuka. Yeye alitazama mbele mpaka mwisho, akasubiri baraka, akatoka pamoja na wengine. Mkewe, Beata, alitoka kabla ya baraka akiwavuta watoto kwa mikono.

Nilijiambia kwamba mwenye hatia ndivyo anavyofanya, hatetei neno. Jioni hii nikifikiri, sijui asiye na hatia angefanya nini tofauti, kanisani, na tawi mkononi.

Jumatano, 16 Aprili

Ameweka funguo mezani kwangu. Safari hii aliingia mpaka ndani, na viatu vyake.

"Nozeli ikivuja, injini inakunywa mara mbili," akasema. "Ungeniuliza, ningekuambia."

Nikamwambia majibu atayatoa mbele ya kamati. Akasema amepata kazi Ngaka, kwenye mgodi, anaondoka kesho asubuhi. Alisema "kwaheri, mama mhasibu," kama siku zote.

Pasaka, 20 Aprili

Mvua. Mama Glorious hakunisalimia.

Jumatano, 30 Aprili

Siku tatu bila mvua. Asubuhi nilikwenda Kona ya Jiwe nikachoma kijiti kwenye udongo ulioporomoka, kikaingia chote; unyevu bado upo. Tunahesabu siku sasa. Nozeli hazijarudi, dereva hatuna, na Mwenyekiti kila akiniona anauliza, "Vipi greda?" Ni swali lile lile tangu Machi, na mimi ndiye ninayetakiwa kubadilisha jibu.

Jumanne, 6 Mei

Asteria hayupo kibandani. Mama yake amelazwa, hivyo Asteria ameteremka kwao Liuli, na nozeli zetu amekwenda nazo kwenye mkoba kwa sababu kufuli la kibanda limevunjwa mara mbili. Nilipompata kwenye simu nilitaka kumfokea, akaniwahi.

"Njoo uzichukue huku. Na uje na chupa ya dizeli kutoka chini kabisa ya tangi, na filta ya zamani. Nataka kuona kitu."

Kutoka hapa mpaka Liuli ni kuteremka milima yote mpaka ziwani. Nauli haimo kwenye bajeti. Naenda.

Alhamisi, 8 Mei. Liuli

Naandika kwenye ukumbi wa nyumba ya kina Asteria. Magoti yananiuma kwa pikipiki. Huku chini ni joto, watu wanaanika dagaa wa usipa kwenye vichanja na hawana habari kwamba huko juu yetu kuna kahawa.

Asteria alirudi kutoka hospitali mchana. Mama yake anaendelea vizuri. Alinawa mikono, akachukua ile chupa yangu ya dizeli, akaimimina kwenye chupa kubwa ya kioo, akaiweka juu ya meza. "Tule kwanza," akasema.

Tulikula ugali na usipa. Nilimwambia kila kitu, jinsi nilivyomkamata mwizi kwa leja yangu mwenyewe. Nilisimulia vizuri, nadhani nilikuwa nataka asifu. Yeye alikuwa anatafuna na kuitazama chupa.

Tulipomaliza, ndani ya chupa kulikuwa na vitu vitatu. Juu dizeli. Chini yake maji, yenye ukungu. Na chini kabisa utando wa kahawia, mzito kidogo.

"Maji, umeyaona," nikasema.

"Nimeyaona. Na hiki cha chini?"

Akaichana ile filta ya zamani kwa kisu. Kwenye mikunjo ya karatasi kulikuwa na utando ule ule, na chembechembe. Akaweka kidogo kwenye kiganja, akanusa, akacheka. Akaniletea kiganja puani.

Nilijua kabla hakijanifikia. Harufu ile nimekua nayo. Yalikuwa machicha ya kangara.

"Mimi nimeona wezi wa dizeli wengi pale barabarani," Asteria akasema. "Mwizi anaweka maji ya mfereji, maana ni ya bure na yako karibu. Sijaona mwizi anayeweka pombe. Hayo mafuta mliyabeba kwenye nini?"

Nilikuwa nayaona madumu yanakuja kwa mstari, akina mama wakiimba, na mimi na orodha yangu. Ni madumu gani mengine yaliyopo katika nyumba za kwetu? Ni yale ya kubebea kangara siku ya ngokela. Na mimi sikufungua hata moja, maana ngokela haikaguliwi. Jirani akija na jembe hutazami makali yake. Ukimchungulia dumu lake umemwambia mbele ya watu kwamba humwamini. Basi sikumchungulia mtu yeyote kati ya kaya mia moja na arobaini, nikaja kumwona mwizi yule mmoja aliyeniomba mafuta yatulie siku mbili.

Na filta. Asteria ameniambia filta hii imeziba tangu zamani, maji yakapita kama yalivyo, na bakuli lingekuwa zima lingeyanasa. Akauliza kama dereva hakuomba nyingine. Nikasema aliomba.

"Sasa nani alikataa?"

Nimesema ni kamati. Nimesema hivyo kwa mdomo wangu, na naandika hapa kwamba ni uongo. Rula ilikuwa yangu.

Ijumaa, 9 Mei

Nimefika nyumbani jioni. Mama alikuwa jikoni. Nilimwamkia, nikakaa, nikamuuliza dumu la dizeli ya Januari ni lipi. Akanionyesha: la njano, lenye mfuniko wa gunzi.

"Kabla ya dizeli lilikuwa na nini?"

"Kangara ya ngokela ya kwa Aloisi. Lakini nililisuuza."

"Ulisuuza na nini, mama?"

"Na maji. Nikalisuuza na nini tena?"

"Likakauka?"

Akanitazama kama nimerukwa na akili. "Ulisema saa mbili tuwe hapo. Likauke saa ngapi?"

Mama yangu ni mtu msafi, na akina mama wa huku wote ni wasafi. Karibu wote mia moja na arobaini walisuuza madumu yao asubuhi ile, kila mmoja akabakiza kikombe cha maji ndani kwa heshima ya chama. Wachache wasiosuuza wakaleta machicha. Nimepiga hesabu: ni kama lita thelathini na tano za maji. Tumeua injini kwa usafi.

Nilicheka mpaka mama akaniuliza kama ninaumwa. Kisha nikalia, na hapo hakuuliza.

Jumatatu, 12 Mei

Nimemweleza Mwenyekiti. Alisikiliza vizuri sana, akiwa amefumba macho, na alipoyafumbua alikuwa na jibu.

"Sasa, mwanangu, tukisema hivyo, tunawaambia wanachama kwamba wameharibu greda wenyewe. Nani atatoa mchango tena? Pankras amekwishapata kazi. Jambo limelala. Tuliache lilale."

"Lilisomwa kanisani, baba."

"Na watu wamekwishalisahau."

Nimetoka bila kuaga. Sijawahi kufanya hivyo kwa mzee yeyote. Mei hii Mwenyekiti ninamwona mdogo sana, na kinachonikera zaidi ni kwamba Aprili, aliposema afadhali mwizi, mimi nilimwona ana hekima.

Jumatatu, 19 Mei

Jua kali. Nozeli sita ziko mezani, nne mpya na mbili zilizofufuliwa, zimefungwa kwenye vitambaa vyenye namba za mkono wa Pankras. Nimetafuta dereva wa kukodi. Mmoja alikuja, akazunguka greda mara mbili, akauliza aliyekuwa akiliendesha yuko wapi. Nilipomjibu alisema, "Aliyesomwa kanisani?" Akapanda pikipiki yake akarudi Mbinga alikotoka. Kumbe hilo limefika mpaka Mbinga mjini.

Kijiti changu Kona ya Jiwe leo kimeingia nusu.

Alhamisi, 22 Mei

Nimeuza nguruwe. Nimenunua filta mbili na bakuli kwa fedha yangu. Sikutaka hili lipite kwa kamati.

Jumamosi, 24 Mei. Ngaka

Nilimsubiri langoni mpaka zamu ikatoka. Alikuja na wenzake, wote weusi kwa vumbi la makaa, nikamjua kwa mwendo. Aliponiona aliwaaga, akanipeleka kwenye kibanda cha mama mmoja anayeuza chai, akaniagizia na andazi. Nilikuwa nimejiandaa kwa matusi. Sikuwa nimejiandaa kwa andazi.

Nikamweleza yote: chupa, machicha, dumu la mama, rula. Nikamwomba radhi.

Alikunywa chai yake. "Mimi sina neno na wewe," akasema. "Hapa nalipwa vizuri kuliko kwenu. Lakini Glorious ameacha kwenda mafundisho ya kipaimara. Wenzake wanamwita Maji."

"Nisamehe, Baba Glorious."

"Umeniomba hapa, kwenye chai. Mimi sikusomwa kwenye chai."

Nikaliweka andazi chini.

"Lilisomwa kanisani, lirudi kanisani," akasema. "Na asisome katekista. Asome aliyeandika. Zamu yangu inaisha tarehe mosi, nina siku tano za mapumziko. Nitalifunga greda na kuwapitishia barabara siku hizo tano, kisha narudi hapa. Kazi yenu siitaki tena."

Nikamuuliza kama atakuwepo kusikia. Akasema hapana, Jumapili hiyo bado yuko zamu, na kwamba yeye anaujua ukweli, hana haja ya kuusikia.

Jumamosi, 31 Mei

Nimemwambia mama kwamba kesho nitalitaja dumu letu. Aligomba toka saa kumi mpaka tulipokula. "Utanitaja kanisani kwa dumu, mimi niliyebatizwa pale!" Nikamwambia nisipoanza na letu, nitakuwa nimewasingizia wengine kama nilivyomsingizia Pankras. Aliendelea kuchambua maharage.

"Basi andika kwamba nililisuuza," akasema mwishoni.

Nimeandika.

Jumapili, 1 Juni

Katekista Stephano alinipa nafasi baada ya matangazo. Mwenyekiti alikuwa benchi la mbele, akitazama viatu vyake. Niliiweka karatasi juu ya ambo, ile meza ya kusomea.

Nilisoma hivi: "Mimi Vitalia, mhasibu, niliandika kwamba Pankras aliuza dizeli na kuweka maji. Hakuuza na hakuweka. Maji yalitoka kwenye madumu tuliyoyaleta wenyewe siku ya ngokela, na mojawapo ni la nyumbani kwetu, ambalo mama yangu alilisuuza. Pankras aliomba mafuta yatulie, nikakataa. Aliomba filta, nikazifuta kwa mkono wangu. Nozeli zimekufa kwa sababu hiyo. Namwomba radhi yeye, mkewe na watoto wake."

Nilikunja karatasi nikaanza kushuka.

Beata akasimama upande wa wanawake. Yeye huwa haongei, hata kwenye jumuiya.

"Soma tena," akasema. "Watoto wangu walikuwa nje na wenzao. Hawajasikia."

Nilimtazama Katekista. Katekista akatazama mlango. Mtu akatoka kuwaita, na kanisa zima tukasubiri mpaka wakaingia, wale wa Beata na wale wenzao wote, mikono yao ina matope. Glorious alisimama nyuma kabisa, akaegemea ukuta.

Nikafungua karatasi, nikasoma tena tangu mwanzo, polepole.

Jumanne, 3 Juni

Pankras alifika jana mchana. Alifunga nozeli jana ile ile, akafunga kazi. Mafuta yote ya zamani aliyamwaga, akajaza ya kituoni. Leo asubuhi alikuja ofisini, akasimama mlangoni, nje.

"Filta ziko wapi?"

Nikampa. Akazifungua, akazitazama ndani kwa kuzielekeza juani, moja moja. "Haya," akasema.

Akazifunga pamoja na bakuli, akatoa hewa kwenye mabomba, na greda limewaka saa mbili na robo. Moshi mweupe kidogo, kisha hakuna moshi. Kijiti changu leo kimeingia kidole kimoja. Pale kwenye kivuli, viwili.